Nukta Sita za Mwana wa Fundi wa Ngozi

Mzazi anapogundua kuwa mtoto wake haoni, aghalabu hutafuta wa kulaumiwa. Simon-René Braille, fundi wa matandiko ya farasi katika kijiji cha Coupvray nchini Ufaransa, alikuwa na kila sababu ya kujilaumu. Mwanawe Louis, aliyezaliwa Januari 4, 1809, alijidunga jicho kwa chuma cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake akiwa na umri wa miaka mitatu. Maambukizi yakaenea hadi jicho la pili, na alipofikia miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Hata hivyo, wazazi wale hawakumficha. Baba alimchongea fimbo za kumwongoza njiani, kasisi wa kijiji akamfunza, na mwalimu wa pale akakubali aketi darasani pamoja na wenzake wanaoona. Mwaka 1819 alipelekwa katika taasisi ya vijana wasioona iliyoasisiwa na Valentin Haüy jijini Paris.

Vitabu vya huko vilikuwa na herufi za kawaida zilizotunishwa juu ya karatasi. Vilikuwa vizito na vichache, na kuvisoma kulikuwa taabu tupu. Wenye macho walidhani kidole husoma kama jicho. Baadaye Charles Barbier, mwanajeshi wa zamani, alileta mfumo wa nukta 12 ulioonyesha sauti, si herufi. Kwa hivyo haukuweza kumfunza mtoto tahajia wala vituo. Louis aliupunguza hadi nukta sita, zinazoenea chini ya ncha ya kidole na kuzaa alama 63. Alikuwa na umri wa miaka 15 tu. Sisi wanaisimu hufundisha kwamba alama hailazimiki kufanana na kile inachokiwakilisha. Kijana huyu alilithibitisha jambo hilo kwa vidole vyake.

Mfumo huo ulichapishwa mwaka 1829, naye akawa mwalimu katika taasisi hiyo hiyo. Lakini uongozi uliofuata uliupinga, na wanafunzi wakaendelea kuutumia kwa siri. Braille alifariki kwa kifua kikuu Januari 6, 1852. Taasisi yake iliuidhinisha rasmi mwaka 1854, naye akiwa kaburini.

Nayasimulia haya nikiwa na deni. Nilipoanza kufundisha chuo kikuu, nilijaza ubao alama za fonetiki, nikawa nawaambia wanafunzi watazame huku na watazame kule. Mwisho wa kipindi, mwanafunzi mmoja asiyeona aliniuliza kwa upole nilikuwa nimeandika nini. Nilitahayari. Sikuwa nimemfukuza, lakini sikuwa nimemfundisha.

Hapa Kenya, shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa mwaka 1946, na wengi wamepitia nukta nundu hadi vyuo vikuu. Walakini shule moja haiwezi kubeba mzigo wa wazazi na walimu wote. Mwalimu, yasome kwa sauti yale unayoyaandika ubaoni. Mzazi, mtoe mtoto nje, umpe fimbo na kazi. Nawe mwanafunzi, mshike mwenzako mkono bila ya kumhurumia. Coupvray haikuwa na utajiri wala wataalamu. Ilikuwa na watu watatu waliokataa kumwacha mtoto nyuma.