KADHI ABU YUSUF NA HAKI YA MFUNGWA

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Hakimu asiyedhulumu hata uzani wa chembe. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote.



Ijumaa hii nataka tumjue mtu mmoja ambaye jina lake mmelisikia katika darasa za fikihi, lakini maisha yake wanayajua wachache. Ni Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Imamu Abu Hanifa, Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Usiseme kwamba sisi hapa ni watu wa madhehebu ya Shafii, na Abu Yusuf ni wa Mahanafi, basi anatuhusu nini. Soma kwanza, huku ukimkumbuka ndugu au jirani yako ambaye leo usiku atalala kasho.

Jina lake ni Yaakub bin Ibrahim. Alizaliwa katika mji wa Kufa, huko Iraki, mwaka 113 Hijria (731 Miladia). Ukoo wake unapanda hadi kwa Saad bin Habta (r.a.), Sahaba ambaye siku ya Uhudi alirudishwa kwa sababu alikuwa bado mtoto. Heshima ya ukoo walikuwa nayo, chakula hawakuwa nacho. Wanasimulia kwamba baba yake alikufa mapema, na mama akampeleka kwa fundi wa kusafisha nguo ili alete chochote nyumbani. Lakini mtoto alikuwa akitoroka kazini na kwenda kukaa katika darasa la Abu Hanifa. Mama akawa anamfuata, anamshika mkono, anamtoa. Siku moja alimlaumu Imamu mbele ya watu kwamba anamharibia mtoto yatima. (Wako wanaosimulia kwamba aliyemkataza alikuwa baba yake, si mama. Maana ni ile ile: nyumba ilikuwa na njaa.) Imamu Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mtu mwenye mali ya halali. Hakumkemea yule mama. Alimpa kijana mfuko wa dirhamu 100 na kumwambia asikose darasa, na zikiisha amjulishe. Wanasema kijana hakuwahi kumjulisha, maana kila mara kabla hazijaisha mfuko mwingine ulikuwa umekwisha kuja. Nanyi walimu wa madrasa zetu, kabla ya kumchapa mtoto anayekosa darasa, ulizeni kwanza kama amekula.

Abu Yusuf alisoma pia kwa Ibn Abi Layla, kadhi wa Kufa. Kwa hiyo aliijua sheria pande mbili, kwa mwalimu anayefikiri na kwa kadhi anayekaa mbele ya watu wanaogombana. Baadaye aliandika kitabu kizima juu ya mahali walipotofautiana walimu wake hao wawili.

Sasa sikiliza yaliyompata mwalimu wake. Khalifa Abu Jaafar al-Mansur, ambaye alianza kuujenga mji wa Baghdad mwaka 145 Hijria (762), alimtaka Abu Hanifa awe kadhi. Imamu alikataa. Haikuwa mara ya kwanza. Wakati wa Banu Umayya, gavana wa Iraki Ibn Hubayra alikwisha kumpiga mijeledi kwa kukataa kazi ya serikali. Kwa al-Mansur nako alishikilia neno lake kwamba hafai kazi hiyo. Khalifa akamwambia anasema uongo, naye akamjibu kwamba basi, ikiwa ni mwongo, mwongo hawezi kuwa kadhi. Alitiwa gerezani. Mwaka 150 Hijria (767) alikufa huko Baghdad. Wengi husema alikufa mfungwa, na wengine kwamba alikuwa ametolewa punde. Mtu huyu hakuiba, hakuua, hakuvunja nyumba ya mtu. Kosa lake lilikuwa kuogopa kuhukumu kwa matakwa ya mkubwa.

Ndugu yangu, fikiri hali ya mwanafunzi wake. Alikuwa mtu mzima wa miaka 37 kwa hesabu ya Hijria. Mwalimu aliyemlisha amekufa kwa ajili ya kukataa ukadhi. Halafu miaka ikapita, Khalifa al-Mahdi, mtoto wa yule yule al-Mansur, akamwita Abu Yusuf awe kadhi wa Baghdad. Na yeye akakubali. Akabaki katika kazi hiyo chini ya al-Hadi, na alipotawala Harun al-Rashid kuanzia mwaka 170 Hijria (786), Abu Yusuf akawa Kadhil-kudhati, yaani kadhi mkubwa wa makadhi wote. Ndiye wa kwanza katika Uislamu kuitwa kwa jina hilo.

Wako wanazuoni wa zama zake ambao hawakumpenda kwa jambo hili. Walisema amekaribia mno mlango wa sultani, amekula kwenye sahani yake, amepata mali nyingi. Ziko pia hadithi kwamba alikuwa akimtafutia Khalifa njia za kukwepa sheria. Mimi nasema nyingi ya hadithi hizo zina harufu ya mabaraza ya wacheshi kuliko ya darasa. Lakini siwezi kukuambia kwamba lawama yote ni ya bure, kwa maana anayekaa karibu na moto nguo yake hunuka moshi. Hata hivyo angalia alichokifanya akiwa pale karibu.

Husimuliwa kwamba waziri al-Fadhl bin al-Rabii alikuja mbele yake kutoa ushahidi, na Abu Yusuf akaukataa. Khalifa alipomuuliza sababu, alieleza kwamba amemsikia mtu huyu akijiita mtumwa wa Khalifa. Kama ni kweli, ushahidi wa mtumwa haukubaliwi mbele ya kadhi. Kama ni uongo, basi ni mwongo. Juji wetu mmoja wa leo, akiletewa mtu mkubwa wa serikali kama shahidi, angethubutu?

Lakini kazi yake kubwa ni kitabu. Harun al-Rashid alimwomba amwandikie mambo ya kodi na hazina, naye akaandika Kitabul-Kharaji. Khalifa aliuliza habari za fedha, na kadhi akamjibu habari za fedha. Ila katikati ya hesabu za mashamba na ushuru akamwingizia habari za wezi, washitakiwa na wafungwa. Hapo ndipo namwona yule mwanafunzi wa mtu aliyefia gerezani, ingawa jina la gereza la mwalimu wake halimo katika maneno hayo.

Alimweleza Khalifa kwamba amepata habari hii: mgeni asiye na ndugu akifa gerezani, maiti hukaa siku moja au mbili, mpaka wafungwa wenzake wachangishane senti za kumlipa mtu wa kumbeba. Anazikwa bila kuoshwa, bila sanda, bila kuswaliwa. Akamwambia hilo ni jambo kubwa mno katika Uislamu na watu wake. Akataka maiti kama huyo aoshwe, avikwe sanda, aswaliwe na kuzikwa kwa mali ya Baitul-mali.

Alimweleza pia kwamba wafungwa hutolewa nje wakiwa na minyororo ili waombe sadaka njiani. Akasema hili likome. Hoja yake ilikuwa rahisi. Hata mateka wa makafiri ni lazima alishwe mpaka hukumu yake ijulikane, je, mtu aliyekosea na kufanya dhambi aachwe afe njaa? Akakumbusha kwamba Sayyidna Ali (r.a.) ndiye wa kwanza kuwapa wafungwa chakula na nguo huko Iraki, kisha Muawiya akafanya hivyo Sham, na makhalifa wakaendelea.

Tena hakuishia kwenye maneno matamu. Asiye na cha kula apewe dirhamu 10 kila mwezi, pamoja na nguo za baridi na nguo za joto, na wanawake wapate mavazi yao ya sitara. Kwa nini fedha na si mikate? Kwa sababu, alisema, ukipeleka mikate itachukuliwa na wakubwa wa gereza na askari wao. Kwa hiyo akataka awekwe mtu mwema mwenye kuaminika, aandike majina yote katika daftari, aite jina moja moja, na ampe kila mmoja mkononi mwake. Aliyefunguliwa, fungu lake lirudi hazinani. Zaidi ya miaka 1200 imepita, na ndugu zetu wanaopeleka sufuria ya fufu mlangoni mwa gereza wanajua kama kadhi huyu alikuwa akiota ndoto au alikuwa akiona.

Juu ya kumshika mtu alikuwa mkali. Mtu asifungwe kwa sababu tu mtu mwingine amemshitaki. Waletwe wote wawili. Mwenye madai akiwa na ushahidi ahukumiwe kwa ushahidi, na kama hana, mshitakiwa aende zake. Asipigwe ili akubali, kwa maana alipokea kwa Sayyidna Umar (r.a.) kwamba mtu ukimtia njaa, ukimtisha au ukimfunga, hana amana juu ya nafsi yake na anaweza kukiri asilolifanya. Na magavana waangalie habari za wafungwa kila siku. Wa kutiwa adabu atiwe adabu na aachwe, na asiye na kesi atoke. Alisema wazi kwamba magereza yamejaa kwa sababu hakuna anayeangalia. Mtu anaingia, dosie yake inalala, na yeye analala nayo.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 18, inasema mtu asikae mikononi mwa polisi zaidi ya masaa 48 bila kuachwa au kupelekwa mbele ya wenye sheria. Kifungu cha 17 kinasema kila mshitakiwa ahesabiwe hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Maneno hayo Abu Yusuf angeyakubali. Lakini mnakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 katika gereza la Makala, Kinshasa. Gereza lilijengwa kwa watu 1500, nalo lilikuwa na zaidi ya 12000, na wengi wao hawakuwa wamehukumiwa bado. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 129, wengi wao kwa kukanyagana na kukosa pumzi. Kati yao walikuwamo watu ambao mbele ya Katiba hawakuwa na kosa lolote.

Wala tusiwatupie wakubwa peke yao. Wangapi katika sisi, akidaiwa franka zake na jirani, hakimbilii kwa baraza la wazee wala kwa imamu, bali anampa askari kitu kidogo ili jirani alale kasho mpaka mke wake auze mbuzi? Deni si wizi. Wewe uliyefanya hivyo na kisha ukasimama katika safu ya kwanza, swala yako ni yako na Mola wako, lakini haki ya jirani bado iko shingoni mwako mpaka akusamehe. Na wewe unayefanya kazi polisi au parke, nasi tunakuombea riziki, elewa kwamba Abu Yusuf alitaka makadhi na magavana walipwe kwa Baitul-mali, maana wanawafanyia kazi Waislamu wote. Kwamba mshahara umechelewa ni dhuluma juu yako. Hiyo haikuruhusu wewe uipitishe kwa mama anayetaka kumwona mtoto wake.

Alimshauri Khalifa vile vile akae mwenyewe kuwasikiliza waliodhulumiwa, hata kikao kimoja kwa mwezi au miezi miwili. Hata kama ingekuwa siku moja kwa mwaka, alisema, madhalimu wakijua habari hiyo wangeogopa.

Hatujui Harun alitekeleza kiasi gani cha maneno haya. Tunajua kwamba Imamu wetu Shafii mwenyewe aliletwa kwa Harun akiwa mfungwa kutoka Yemen mwaka 184 Hijria, kwa kushitakiwa fitina ya siasa, na akaponyoka kwa fadhili ya Mwenyezi Mungu, na Muhammad bin al-Hasan, mwenzake Abu Yusuf, akamsemea vizuri. Wanaosimulia kwamba Abu Yusuf alikuwapo siku hiyo wanakosea. Alikuwa amekwisha kufa miaka miwili kabla.

Alikufa Baghdad mwaka 182 Hijria (798). Wanazuoni wa madhehebu yake wanasimulia kwamba katika maradhi yake ya mwisho alimwambia Mola wake kuwa hakuegemea upande wa mmoja wa wanaogombana hata kwa moyo, ila mara moja. Mkristo mmoja alikuja na madai juu ya Harun al-Rashid. Abu Yusuf alimhukumu Khalifa, haki ikarudi kwa Mkristo. Lakini wakati wa kusikiliza hakuwaweka sawa wote wawili, Khalifa alibaki juu mahali pake. Kwa jambo hilo alilia, na hukumu ilikuwa ya haki.

TANGAZO: Baada ya swala ya leo kina mama wa jumuiya watapokea maharagi, chumvi, sabuni na vitambaa vyeupe vya sanda kwa ajili ya wafungwa wasio na ndugu hapa mjini. Watakaopeleka gerezani watakuwa na daftari na wataita majina. Mwenye ndugu aliyezuiliwa zaidi ya masaa 48 alete jina lake na tarehe aliyoshikwa kwa katibu, awe Mwislamu au asiwe Mwislamu.

Wabillahi tawfiq.