Matt Busby na Vijana Wake



Kila tunapokutana hapa Kimali mazungumzo huanza na mvua na bei ya pamba, lakini hayachukui muda kabla ya kuingia uwanjani. Mwaka huu timu ya shule imefanya vibaya, na aliyeichagua amelaumiwa sana kwa kuwaingiza vijana wa kidato cha pili katika kikosi cha kwanza huku wakubwa wao wakitazama nje ya mstari. Sitaki kuingia katika ugomvi huo. Mhariri ameniomba maisha ya mtu mashuhuri, nami nimemchagua mtu ambaye jambo hilo hilo ndilo lililompandisha, na ndilo lililomuumiza kuliko yote: Sir Matt Busby, mwalimu wa Manchester United ya Uingereza. Msinishangae kwenda mbali hivyo. Hata Simba yetu ya Dar es Salaam iliitwa Sunderland mpaka mwaka 1971. Na jezi nyekundu za Manchester mnazinunua minadani kila wiki bila kujua ni nani aliyezipa sifa.

Busby alizaliwa tarehe 26 Mei, 1909 huko Orbiston, karibu na mji wa Bellshill, Scotland. Ilikuwa nchi ya machimbo ya makaa ya mawe, na mtoto wa kiume alikua akijua kwamba siku moja atashuka shimoni kama baba yake. Baba huyo, Alexander, alikwenda katika Vita Kuu ya Kwanza na mwaka 1917 akapigwa risasi na adui aliyejificha huko Arras, Ufaransa. Matt alikuwa hajatimiza miaka minane. Mama yake alipochoka na taabu akaanza kuandaa safari ya kuhamia Marekani na watoto wake, na kijana naye akaingia machimboni. Karatasi za safari zilikuwa bado zinasubiriwa pale Manchester City ilipomwita, Februari 1928, kwa mshahara wa pauni 5 kwa wiki. Marekani ikasahauliwa.

Hapa nawaomba wanafunzi wa bweni wasikilize. Kijana huyu wa miaka 18 alifika mji mkubwa asiomjua mtu, akachezeshwa mbele kama fowadi wa ndani, na hakufanya lolote la kutajwa. Wachezaji wakubwa hawakumjali, wakuu wa klabu hawakumsemesha, na mara kadhaa alitaka kufunga mizigo yake arudi kwao. Inasimuliwa kwamba mwaka 1930 City walikuwa tayari kumuuza kwa Manchester United kwa pauni 150, na United hawakuwa nazo. Kilichomwokoa ni bahati: siku moja timu ya akiba ilipungukiwa na hafu beki wa kulia, wakamrudisha nyuma azibe pengo. Kumbe hapo ndipo palikuwa mahali pake. Mwaka 1934 alichukua Kombe la FA akiwa na City, na mwaka 1936 akahamia Liverpool kwa pauni 8,000. Kwa maoni yangu ile miaka miwili mitatu ya upweke ilimfundisha zaidi ya kombe lenyewe, kwani alipokuja kuwa mkubwa hakuna kijana aliyepita mbele yake bila kuulizwa hali na kuitwa kwa jina lake.

Vita Kuu ya Pili ilimaliza siku zake za uchezaji. Februari 1945, akiwa na umri wa miaka 35 na hajapata kufundisha klabu yoyote, alikubali kazi ya Manchester United. Wakati huo haikuwa kazi ya kuonewa wivu. Uwanja wa Old Trafford ulikuwa umepigwa mabomu ya Wajerumani mwezi Machi 1941, na hadi mwaka 1949 United walicheza katika uwanja wa City, mahasimu wao. Madeni yalikuwa mengi. Busby alidai mambo mawili. La kwanza, mkataba wa miaka mitano badala ya mitatu waliyompa. La pili, achague timu mwenyewe, pasipo mjumbe yeyote wa bodi kumwandikia majina. Siku hizo wakurugenzi wa klabu nyingi walijiona ndio wachaguzi, hivyo dai hilo lilikuwa la ujasiri. Akavaa nguo za mazoezi akatoka ofisini, akacheza na vijana wake uwanjani, jambo ambalo mameneja wengi wa wakati ule wangeliona ni kujishushia heshima.

Msaidizi wake wa kwanza alikuwa Jimmy Murphy, Mwelishi, aliyemwona huko Bari, Italia, akizungumza na kundi la askari kuhusu kandanda. Timu ya kwanza ya Busby ilikuwa ya watu wazima, wengi wao waliopotezewa miaka sita na vita. Ilichukua Kombe la FA mwaka 1948 kwa kuifunga Blackpool 4-2, ikawa ya pili katika ligi mara nne, na mwaka 1952 ikatwaa ubingwa ambao klabu ilikuwa haijauona tangu 1911. Nahodha alikuwa Johnny Carey wa Ireland, mtu wa makamo na heshima.

Ndipo ukaja msimu wa 1952/53. Mabingwa walianza kufungwa. Oktoba walikwenda kwa Wolves wakala mabao 6-2, wakajikuta katika kundi la timu za mkiani. Katika Kombe la FA walitoshana 1-1 nyumbani na Walthamstow Avenue, timu ya watu wasiolipwa, na ingawa waliwashinda katika mchezo wa marudiano, baada ya hapo Everton iliwatoa. Magazeti yakasema timu imezeeka, nayo yalisema kweli.

Mtu mwingine angekimbilia sokoni. Busby alinunua mmoja tu wa kutajwa, Tommy Taylor wa Barnsley, mwezi Machi 1953, kwa pauni 29,999. Pauni moja iliachwa ili kijana asibebe mzigo wa kuitwa mchezaji wa pauni elfu thelathini. Nafasi nyingine alizijaza kutoka ndani. Bill Foulkes, ambaye bado alikuwa akifanya kazi machimboni, aliingizwa Desemba 1952. David Pegg alikuwa na miaka 17. Dennis Viollet alifuata Aprili. Na tarehe 4 Aprili, 1953, dhidi ya Cardiff, akamwingiza mtoto wa Dudley aitwaye Duncan Edwards, mwenye miaka 16 na nusu.

United walifungwa siku hiyo 4-1, nyumbani kwao. Walimaliza msimu wakiwa wa nane.

Watu husimulia habari hii kama kwamba Busby alichoka, akafunga macho na kuwarusha watoto majini waogelee au wazame. La hasha. Hata kabla yake, miaka ya mwisho ya 1930, mwenyekiti James Gibson na katibu Walter Crickmer walikuwa wameanzisha timu ya vijana. Busby na Murphy waliikuta na kuilea. Walikuwa na watu wao wanaozunguka nchi nzima kutazama mechi za shule, na Busby mwenyewe aliketi sebuleni kwa wazazi akiwaeleza kijana wao atalala wapi na atakula nini. Huku Usukumani mtoto hakabidhiwi kundi lote la baba yake siku ya kwanza, huanza na ndama karibu na nyumba. Na hao walianza hivyo hivyo. Walifundishwa mchezo mmoja katika timu zote, ili aliyepandishwa asikute lugha mpya. Msimu ule ule timu ya kwanza ilipokuwa ikidhalilishwa, vijana wa klabu walitwaa Kombe la Vijana la FA lililoanzishwa mwaka huo, wakiishinda Wolves mabao 9-3 kwa jumla ya michezo miwili. Wakalitwaa miaka mitano mfululizo. Basi msimu mbaya ulifungua mlango tu. Waliokuwa nyuma ya mlango walikuwa wameandaliwa muda mrefu.

Subira ilihitajika hata hivyo. Oktoba 1953 aliwachezesha vijana wengi kwa pamoja katika mchezo wa kirafiki huko Kilmarnock, wakashinda 3-0, na siku tatu baadaye akawapanga dhidi ya Huddersfield katika ligi. Henry Cockburn, hafu beki wa timu ya taifa ya Uingereza, alimpisha Edwards na mwaka uliofuata akaondoka klabuni. Hilo halikuwa jepesi. Cockburn alikuwa amemchukulia Busby kombe na ubingwa, na ni rahisi kumsifu mwalimu kwa kuwapandisha wadogo tukasahau kwamba kila jina linaloongezwa juu ya karatasi linafuta jingine. United walikuwa wa nne mwaka 1954, wa tano mwaka 1955, bila kikombe. Mwaka 1956 walichukua ubingwa wakiwaacha wa pili kwa pointi 11, umri wa wastani ukiwa karibu miaka 22. Katika kikosi hicho ni Roger Byrne, nahodha, na Johnny Berry tu waliobaki kutoka timu ya ubingwa wa 1952. Mwaka 1957 wakaurudia ubingwa huo.

Busby akataka kuwapeleka vijana wake Ulaya. Mwaka 1955 wakuu wa ligi walikuwa wameizuia Chelsea isishiriki Kombe la Ulaya. Busby hakuwakubalia, mwaka 1956 aliingiza timu yake bila ridhaa yao. Tarehe 6 Februari, 1958, walikuwa wakirudi kutoka Belgrade, walikotoka sare 3-3 na Red Star na kufuzu nusu fainali. Jumamosi ile kulikuwa na mechi ya ligi, hivyo walipaswa kufika nyumbani. Ndege ilitua Munich kuchukua mafuta. Mara mbili ilijaribu kuruka ikashindwa. Mara ya tatu, magurudumu yakiwa katika theluji iliyoyeyuka, ilishindwa kuinuka ikapita mwisho wa njia na kuvunjika. Watu 23 walikufa. Wanane walikuwa wachezaji: Geoff Bent, Roger Byrne, Eddie Colman, Mark Jones, David Pegg, Tommy Taylor, Liam Whelan, na Duncan Edwards aliyepigania roho yake siku kumi na tano, akafariki na miaka 21. Crickmer naye alikufa, pamoja na Bert Whalley, aliyewalea vijana.

Busby alipasuka kifua na kuvunjika mguu. Mara mbili padri alimpa mpako wa mwisho. Kwa muda mrefu walimficha habari, hata alipomlazimisha mkewe, Jean, amweleze. Inasimuliwa kwamba alitaja majina, mmoja baada ya mwingine, naye mkewe akawa anamjibu kwa kichwa tu. Baada ya hapo alisema hatarudi tena kwenye kandanda. Ni yeye aliyewatoa vijana hao majumbani kwao, yeye aliyewapa nafasi kabla ya wakati waliozoea watu, yeye aliyeng'ang'ania safari za Ulaya. Jean ndiye aliyembadili, kwa kumwambia kwamba waliokufa wangetaka aendelee.

Nyumbani Murphy, aliyenusurika kwa kuwa alikuwa na timu ya taifa ya Wales, alibaki na kazi isiyo na mfano. Katika mechi ya kwanza, tarehe 19 Februari dhidi ya Sheffield Wednesday, kijitabu cha mchezo kilichapishwa na nafasi tupu mahali pa majina ya United. Shay Brennan, kijana ambaye hakuwa amewahi kuchezea timu ya kwanza, alifunga mabao mawili katika ushindi wa 3-0. Mwezi Mei timu hiyo ya viraka ilifika fainali ya Kombe la FA, ikafungwa na Bolton 2-0, Busby akitazama huku ameshika mkongojo.

Alijenga upya, safari hii kwa kununua na kulea pamoja. George Best aliingizwa mwaka 1963 akiwa na miaka 17. Ubingwa ulirudi 1965 na 1967. Tarehe 29 Mei, 1968, uwanjani Wembley, waliifunga Benfica 4-1 baada ya muda wa nyongeza, Benfica ya Eusebio, mwana wa Msumbiji, jirani yetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Charlton na Foulkes, walionusurika Munich, walikuwamo. Bao moja lilifungwa na Brian Kidd, aliyetimiza miaka 19 siku hiyo hiyo. Mwaka ule Busby alipewa cheo cha Sir.

Nisiwafiche jambo moja. Wale wa 1968 nao walizeeka, na safari hii mzee hakuwa na moyo wa kuwaondoa. Alistaafu 1969 akamwachia Wilf McGuinness, mmoja wa vijana wake wa zamani, timu iliyohitaji kisu alichokishika yeye mwenyewe mwaka 1953. McGuinness aliondolewa Desemba 1970, Busby akarudi kwa miezi michache, na mwaka 1974 United wakashuka daraja.

Sir Matt alifariki tarehe 20 Januari, 1994. Siku mbili baadaye United walicheza na Everton pale Old Trafford. Timu zilitoka nyuma ya mpiga zumari wa Kiskoti, na uwanja mzima ukanyamaza. United walishinda 1-0. Bao lilifungwa kwa kichwa na Ryan Giggs, aliyekuja klabuni akiwa na miaka 14 na kuingizwa timu ya kwanza na miaka 17.