Kikulacho ki nguoni: somo la Percivall Pott

Wanafunzi wa udaktari hulijua jina la Percivall Pott kwa sababu limebandikwa maradhi mawili: kifua kikuu cha uti wa mgongo, na aina fulani ya kuvunjika kwa mfupa karibu na kifundo cha mguu. Kwa maoni yangu, jambo kuu zaidi alilolifanya halikupewa jina lake. Mpasuaji huyu aliwaonyesha walimwengu kwamba uchafu unaoganda kwenye ngozi ya mfanyakazi unaweza kumuua baada ya miaka mingi. Nitayasimulia maisha yake kwa muhtasari, kisha nieleze kwa nini yatuhusu sisi wa Nairobi.

Pott alizaliwa London tarehe 6 Januari 1714. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na mama aliyesaidiwa na jamaa yao, askofu wa Rochester. Akiwa bado kijana aliwekwa chini ya Edward Nourse, mpasuaji wa hospitali ya St Bartholomew's, akawa anamtayarishia maiti za kufundishia. Enzi hizo wapasuaji na vinyozi walikuwa chama kimoja, na mwaka wa 1736 Pott aliidhinishwa na chama hicho. Kufikia 1749 alikuwa mpasuaji kamili wa hospitali ileile.

Mwaka wa 1756 aliangushwa na farasi, mfupa wa mguu ukavunjika na kutokeza nje. Alikataa kuinuliwa ovyo. Alilala palepale barabarani penye baridi mpaka akanunua mlango, ukapigiliwa kwenye miti, naye akabebwa juu yake hadi nyumbani. Wenzake walikuwa tayari kuukata mguu. Mwalimu wake Nourse akawahi na kuuokoa. Akiwa kitandani Pott aliandika kitabu kuhusu ugonjwa wa ngiri, na tangu hapo kalamu haikumtoka mkononi.

Kitabu kinachotuhusu alikichapisha mwaka wa 1775. Ndani yake mna kurasa chache tu kuhusu wasafisha dohani wa London. Watoto wadogo, wengi wao mayatima au wana wa maskini hohehahe, walisukumwa ndani ya dohani nyembamba zenye joto, mara nyingine wakiwa uchi, wakwangue masizi. Kuoga kulikuwa nadra. Walipobaleghe au kuwa watu wazima, baadhi yao walitokwa na kidonda kwenye mfuko wa korodani. Matabibu walidhani ni ugonjwa wa zinaa, wakawapa zebaki. Pott alikataa dhana hiyo. Aliona kwamba ni saratani, na kwamba chanzo chake ni masizi yaliyojificha katika mikunjo ya ngozi hiyo. Alihimiza kidonda kikatwe mapema kabla hakijasambaa.

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka wa 1788 kuzuia watoto wa chini ya miaka 8 kuajiriwa katika kazi hiyo. Pott alifariki tarehe 22 Desemba mwaka huohuo. Sheria ilipuuzwa, na ikabidi nyingine zitungwe hadi ile ya 1875 ilipokomesha utumwa huo wa watoto. Ushahidi wa maabara ulichelewa zaidi: mwaka wa 1915 wataalamu wa Japani walipaka lami ya makaa kwenye masikio ya sungura hadi yakaota saratani, na mwaka wa 1933 wanakemia wa London wakaichambua lami hiyo na kuitenga kemikali yenye kudhuru.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa ngozi hupitisha vitu, mbona tukioga hatuvimbi kwa maji? Jibu ni kwamba tabaka la juu la ngozi huyazuia maji vizuri, lakini vitu vinavyoyeyuka katika mafuta hulipenya polepole na kuingia katika damu. Joto, jasho na michubuko huongeza kasi hiyo. Tena ngozi si moja mwili mzima. Utafiti uliofanywa Marekani mwaka wa 1967 ulionyesha kwamba ngozi ya mfuko wa korodani ilipitisha dawa fulani mara 42 kuliko ile ya mkono.

Nairobi ina ushahidi wake. Mwaka wa 1972 madaktari waliochunguza wagonjwa wa figo katika Hospitali Kuu ya Kenyatta walichapisha matokeo yao katika jarida la matibabu la Uingereza. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao, waliovimba mwili na kupoteza protini katika mkojo, walikuwa wamejipaka mafuta ya kujichubua yenye zebaki. Hawakuila wala kuinywa. Waliipaka, nayo ikaonekana katika mkojo. Mafuta ya aina hiyo yamepigwa marufuku, lakini hayajakoma kuuzwa.

Nami, kwa kuwa taaluma yangu ni lugha, naona kwamba hata maneno yetu yanatupumbaza. Katika Kiswahili mtu hula sumu, hunywa sumu, au hulishwa sumu. Mazoea hayo yameiweka sumu kinywani, yakaisahau ngozi. Baya zaidi ni neno dawa. Kinachotibu malaria ni dawa, kinachoua kupe ni dawa, kinachoua viwavi ni dawa, na kinacholainisha nywele ni dawa. Mkulima wa Kabete au Dagoretti anayenyunyizia sukumawiki akiwa mikono mitupu, huku mgongo umelowa kwa mtungi unaovuja, anaamini kwamba amelowa dawa. Fundi wa magari wa Barabara ya Kirinyaga anayenawa grisi kwa petroli anaamini kwamba amejisafisha. Onyo limeandikwa kwenye mkebe, naam, lakini aghalabu kwa Kiingereza na kwa herufi za chungu.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu wasiliache somo hili kwa daktari peke yake. Mwalimu wa sayansi na aeleze jinsi ngozi inavyopitisha. Mwalimu wa Kiswahili na awazoeze wanafunzi kusema sumu ya wadudu badala ya dawa ya wadudu, na waitafsiri lebo ya mkebe kama zoezi la darasani, kisha wawasomee wazazi wao. Glavu, sabuni na kubadili nguo baada ya kazi si anasa. Kufikia mwisho wa karne ya 19 ilikuwa imebainika kwamba wasafisha dohani wa Ujerumani, waliovaa mavazi ya kuwakinga, hawakupatwa na saratani hiyo kama wenzao wa Uingereza.

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Watoto wa London walikuwa na masizi nguoni na mwilini, na walihitaji mtu mmoja wa kuyatazama na kuamini alichokiona. Wetu wana mtungi mgongoni na petroli viganjani, na sisi hatuna haja ya kungoja Pott mwingine.