Haldane, Bingwa wa Hewa na Mwalimu wa Wapiga Mbizi

Askari anayelinda mpaka wa Busia na Tororo hushughulishwa zaidi na malori na magendo ya barabarani kuliko mambo ya chini ya maji. Lakini mpaka huo hauishii barabarani. Kusini ya mji wa Busia, Mto Sio huteremka hadi Ziwa Victoria, Majanji ikiwa upande wa Uganda na Sio Port upande wa Kenya. Na mtumbwi unapozama huko, polisi ndio wanaoitwa. Siku hizi husemwa kwamba mpiga mbizi akijaziwa katika mtungi wake hewa iliyoongezwa oksijeni, iitwayo naitroksi, hukaa chini ya maji kwa usalama zaidi na hutoka bila uchovu. Ili kuyapima maneno hayo, tumeona vema leo tueleze maisha ya John Scott Haldane, kwa kuwa hesabu za naitroksi zimejengwa juu ya kazi yake.

Haldane alizaliwa Edinburgh, katika Uskoti, mwezi Mei 1860, katika ukoo wenye mali na elimu. Kaka yake, Richard, alikuja kuwa Waziri wa Vita wa Uingereza tangu mwaka 1905 hadi 1912. John yeye alihitimu udaktari mwaka 1884, lakini badala ya kufungua chumba cha kutibu wagonjwa alianza kuchunguza hewa: hewa ya nyumba za maskini mjini Dundee, hewa ya mifereji ya maji machafu, na hatimaye hewa ya migodi. Alikuwa na desturi moja iliyowashangaza wengi. Hewa aliyoishuku kuwa na sumu aliivuta mwenyewe kwanza, huku akiandika jinsi mwili wake unavyobadilika.

Mwezi Januari 1896 mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, huko Wales, ulilipuka, wakafa watu 57. Haldane alikwenda kuchunguza maiti. Aliona kwamba wengi wao hawakuuawa na moto wala mshindo, bali na kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, iliyowafikia baada ya mlipuko. Ndipo akashauri waokoaji wateremke na viumbe wadogo, panya au ndege, ambao hulegea mapema kabla mtu hajadhurika. Kwa miaka mingi baadaye wachimba migodi wa Uingereza waliteremka na chiriku kizimbani. Habari hii inafaa kukumbukwa na askari wa Busia, ambako dhahabu huchimbwa kwa mikono katika mashimo marefu. Mashine ya petroli ya kuvuta maji ikiteremshwa shimoni, moshi wake huleta sumu ileile aliyoiona Haldane, na anayeruka ndani kumwokoa mwenzake huongeza idadi ya maiti.

Sasa tuje kwenye maji. Mfaransa Paul Bert alikuwa amekwisha kuonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1878, kwamba mpiga mbizi anapokuwa chini, shinikizo huisukuma naitrojeni ya hewa iingie katika damu na nyama za mwili. Akipanda upesi naitrojeni hiyo hutoka kwa mapovu, kama soda inapofunguliwa, na mapovu hayo huleta maumivu makali ya viungo, kupooza, hata kifo. Bert aligundua pia jambo la pili ambalo tutalirudia: oksijeni nayo, ikivutwa chini ya shinikizo kubwa, huleta degedege. Lakini hakuna aliyejua hasa mtu apandeje. Wapiga mbizi waliamriwa kupanda polepole kwa mwendo mmoja, na bado waliumia.

Mwaka 1905 Jeshi la Majini la Uingereza lilimtaka Haldane atatue tatizo hilo. Pamoja na daktari Boycott na ofisa wa majini Damant, aliwafungia mbuzi katika chumba kikubwa cha chuma mjini London, akaongeza shinikizo, kisha akalipunguza kwa njia mbalimbali. Mbuzi aliyepatwa na maumivu alijulikana mara moja kwa kuinua mguu wake wa mbele. Baada ya majaribio mengi Haldane aliona kanuni iliyokuwa imejificha: mwili uliozoea shinikizo mara mbili ya kawaida huweza kurudishwa ghafla kwenye hali ya kawaida bila madhara, na kama ni hivyo, waweza pia kutolewa kutoka nne hadi mbili, au kutoka sita hadi tatu. Kinachodhuru si tofauti yenyewe, bali uwiano. Kwa hiyo mpiga mbizi apande upesi mpaka nusu ya shinikizo, kisha asimame kwa vituo, akizidisha muda kila anapokaribia juu.

Mwaka 1906 kanuni hiyo ilipelekwa baharini, Uskoti. Damant na mwenzake Catto walizama hadi futi 210, yaani mita 64, wakatoka wazima. Huko huko Haldane aligundua kwamba wapiga mbizi waliokuwa wakihema na kuishiwa nguvu hawakuwa wavivu wala waoga, kama wakubwa wao walivyodhani. Kofia zao zilijaa kaboni dioksaidi kwa sababu pampu hazikuleta hewa ya kutosha. Tunafikiri hilo peke yake lingetosha kumpa heshima. Majedwali yake yalichapishwa mwaka 1908, na majeshi ya majini ya nchi nyingi yakayafuata. Damant mwenyewe aliyatumia alipotumwa kuitoa dhahabu ya meli ya Laurentic, iliyozamishwa na bomu la majini karibu na Ireland mwezi Januari 1917. Kati ya vipande 3,211 vya dhahabu vilipatikana 3,186 kufikia mwaka 1924, na hakuna mpiga mbizi hata mmoja aliyepoteza maisha.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipoachia gesi ya klorini huko Ypres mwezi Aprili 1915, Haldane alipelekwa Ufaransa kuitambua sumu hiyo. Baadaye alitengeneza chombo cha kuwapa majeruhi oksijeni. Hakuacha safari hata uzeeni: alikwenda Uajemi na Iraki kuchunguza wafanyakazi wa mafuta waliozimia kwa joto, akarudi nyumbani Oxford, akapatwa na homa ya mapafu, na akafariki mwezi Machi 1936, akiwa na umri wa miaka 75.

Naitroksi yenyewe ilikuja baadaye. Katika Vita vya Pili jeshi la majini la Uingereza liliwapa wapiga mbizi wake mchanganyiko wa oksijeni na naitrojeni; miaka ya 1970 wanasayansi wa bahari wa Marekani waliuwekea majedwali, na tangu mwaka 1985 ulianza kufundishwa kwa watu wanaozama kwa kujifurahisha. Hewa ya kawaida ina oksijeni sehemu 21 katika mia. Naitroksi aghalabu huwa na 32 au 36. Naitrojeni ikipungua, hesabu ya Haldane inampa mtu nafasi zaidi: katika kina cha futi 60, kama mita 18, majedwali ya zamani ya jeshi la majini la Marekani yaliruhusu dakika 60 kwa hewa ya kawaida bila kusimama njiani, na dakika 100 kwa naitroksi ya 32.

Faida hiyo ni ya kweli, lakini ina mipaka. Mpiga mbizi akizitumia zote zile dakika 40 za ziada, amepata muda, hakupata usalama. Aupataye usalama ni yule anayevuta naitroksi huku akifuata saa ya hewa ya kawaida. Wala haimruhusu kuzama zaidi. Oksijeni aliyoionya Bert humkataza mwenye 32 kupita kama mita 33 baharini, na mwenye 36 kupita kama mita 28. Akipita huenda degedege ikampata na kumzamisha. Kuhusu uchovu, jaribio lililochapishwa mwaka 2003, ambalo washiriki wake hawakujua wanavuta hewa ipi, halikuona tofauti yoyote.

Basi kwa Busia je? Kwenye matumbawe ya Diani au Zanzibar, ambako mtalii huzama mara kadhaa kwa siku katika mita 20 au 25, tunaona naitroksi inastahili gharama yake. Karibu na ufuko wa Sio Port na Majanji maji ni ya kina kifupi, tena ni machafu. Katika futi 40 majedwali yale ya zamani yaliruhusu dakika 200 kwa hewa ya kawaida, na mtungi mmoja huisha mapema zaidi ya hapo. Askari anayepapasa topeni kutafuta maiti hana kazi na oksijeni ya ziada. Anahitaji kamba, mwenzake wa kuishika, na hewa iliyojazwa mbali na moshi wa injini.

Jambo moja, hata hivyo, linawahusu wa huku kuliko wa pwani. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu yake ni nyepesi. Kwa kuwa jambo kubwa ni uwiano, mita 18 za ziwa huhesabiwa kama mita 20 za bahari, na jedwali la baharini likitumiwa bila kusahihishwa humdanganya mtu. Wala hatari haiishi anapovua mavazi. Kilele cha Mwamba wa Tororo kiko mita 1,483, na Eldoret iko juu zaidi, kama mita 2,100. Mpiga mbizi aliyetoka kina kirefu kisha akapandishwa gari la kwenda Eldoret jioni ileile huwa bado anapanda, ingawa amekaa kitini. Wataalamu wa usalama wa wapiga mbizi huwashauri wanaotaka kupanda ndege kungoja saa 12 baada ya mbizi moja, na 18 baada ya mbizi za mfululizo. Nasi tungetaka madereva wa vikosi waijue hesabu hiyo kama wanavyoijua ya petroli.