Daktari Albert Cook na Ugonjwa wa Malale

Ukipanda boda hapa kwetu Bwaise na kupita Wandegeya, baada ya muda mfupi unafika kilima cha Namirembe, ilipo hospitali ya Mengo. Wengi wetu tumepeleka watoto pale bila kumfahamu aliyeianzisha. Tunamwandika mwezi huu kwa sababu katikati yetu bado kuna jamaa wanaoficha mgonjwa wa kifafa, au mwenye usingizi usio wa kawaida, wakidhani amelogwa.

Albert Ruskin Cook alizaliwa London mwaka 1870, akasomea udaktari Cambridge na katika hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka 1896 alitumwa na chama cha misheni cha Anglikana, CMS. Kutoka pwani ya Mombasa msafara wao ulichukua miezi kama mitatu, sehemu kubwa kwa miguu, maana reli ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa. Walifika Mengo Februari 1897. Katika msafara huo alikuwemo nesi, Katharine Timpson, ambaye walifunga naye ndoa mwaka 1900. Mdogo wake Jack, naye daktari, alikuwa amekwisha kumfuata.

Mwaka 1901 walianza kupokea wagonjwa wa namna ya pekee. Mtu alipata homa, tezi za shingo zikavimba, akakonda. Kisha akawa analala mchana na kukesha usiku, akachanganyikiwa, wengine wakashikwa na degedege, mwisho hawaamki tena. Waganda waliuita mongota. Ndugu hao wawili walitambua kwamba ni malale, ugonjwa uliojulikana zamani upande wa Congo na Afrika ya Magharibi, wakatoa habari.

Hapa tuseme ukweli: kujua jina la ugonjwa si kuuponya. Dawa hawakuwa nayo. Hata chanzo chake kilikosewa kwanza. Kwa kuwa vijidudu vya filaria vilionekana katika damu ya wagonjwa, madaktari waliotumwa kutoka Uingereza mwaka 1902 walivichunguza hivyo. Mmoja wao, Aldo Castellani, ndiye aliyeona vijidudu vingine, tripanosoma, katika maji ya uti wa mgongo. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake walionyesha kwamba vinaletwa na mbung'o wa kando ya ziwa. Robert Koch wa Ujerumani alikuja visiwa vya Ssese mwaka 1906 na dawa ya atoksili, yenye sumu ya arseniki. Baadhi ya wagonjwa walipofuka. Kufikia mwaka 1920 watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa, wengi wao Busoga na kando ya ziwa.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wakimbizi tutalielewa upesi. Kati ya mwaka 1906 na 1909 serikali iliwahamisha watu wote wa kando ya ziwa na wa Ssese, ili mbung'o wasipate wa kuuma. Njia hiyo ilisaidia, lakini watu waliacha mashamba, mitumbwi na makaburi ya wazazi wao, na wakangoja miaka kumi na zaidi kabla ya kurudi.

Cook mwenyewe alibaki Mengo. Radi iliteketeza hospitali mwaka 1902, nayo ikajengwa tena. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alianza kufundisha wasaidizi Waafrika, na pamoja na Katharine wakaanzisha shule ya wakunga. Aliandika kitabu cha maneno ya utabibu kwa Kiganda, maana daktari asiyeelewa mgonjwa anasema nini atapima nini? Na kila mgonjwa aliandikiwa habari zake, tangu wale wa kwanza wa 1897. Daftari hizo zilitunzwa katika maktaba ya Makerere iliyopo Mulago, yenye jina lake.

Katharine alifariki mwaka 1938, naye mwaka 1951. Amezikwa Namirembe.

Malale ya siku hizi yana dawa. Tangu mwaka 2018 ipo ya vidonge, fexinidazole, kwa aina ile inayopatikana Congo, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba aina hiyo si tatizo kubwa tena hapa Uganda. Kifafa nacho kina vidonge vyake. Mwenye mgonjwa nyumbani ampeleke kupimwa.