Bernoulli, msomi aliyeanika udhaifu wa kubahatisha

KUANZIA 1985 hadi 2023, watahiniwa wa KCPE, wawe wa Uthiru jijini Nairobi au wa vijiji vya mbali, walikabili karatasi ya Hisabati yenye maswali 50, kila swali likiwa na majibu manne. Aliyelemewa alijiliwaza kwamba angalau angebahatisha.

Msomi aliyeonyesha kikomo cha tumaini hilo alifariki zaidi ya karne tatu zilizopita. Naye ni Jacob Bernoulli, mzaliwa wa Basel, Uswisi.

Bernoulli alizaliwa Januari 6, 1655, kwa kalenda ya sasa, katika familia ya wafanyabiashara. Babake alitaka awe kasisi. Kijana huyo alisomea falsafa na theolojia, lakini akajifunza hisabati na elimu ya nyota kinyume na matakwa ya mzazi wake.

Mnamo 1687 aliteuliwa profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Basel, wadhifa alioushikilia hadi kifo chake. Alimfunza hisabati mdogo wake, Johann, ambaye baadaye aligeuka kuwa hasimu wake mkubwa.

Kwa takriban miaka 20, Bernoulli alitafakari swali moja: bahati ikijaribiwa tena na tena, huzaa nini? Alithibitisha kwamba kadiri majaribio yanavyoongezeka, ndivyo matokeo yanavyokaribia kiwango halisi cha uwezekano.

Alifariki Agosti 16, 1705, kabla ya kukamilisha kitabu chake, Ars Conjectandi. Mpwa wake, Nicolaus, alikichapisha mnamo 1713.

Kwa mtahiniwa wa Uthiru, ugunduzi huo ulikuwa na maana nzito. Anayebahatisha kila swali hutarajiwa kupata 12 au 13 kati ya 50. Wanaofikia nusu kwa njia hiyo ni chini ya mmoja kati ya 1,000.

Kupata yote ni muhali. Kwa kanuni ya kuzidisha, iliyojulikana hata kabla ya Bernoulli, uwezekano wa kupatia swali moja ni 1 kati ya 4. Mawili, 1 kati ya 16. Kumi, 1 kati ya 1,048,576. Yakifika 50, ni 1 kati ya idadi yenye tarakimu 31.

Lau watu bilioni 8 wangejaza karatasi moja kila sekunde kwa miaka bilioni 10, bado kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna hata mmoja ambaye angepata alama zote.