Rudolf Diesel, Mtu wa Barafu na Moto

Stima ikipotea kwetu Ruiru, mama huwasha jenereta ya dizeli ili maziwa ya kuuza yasichache kwenye friji. Mimi nilidhani dizeli ni jina la mafuta tu, kumbe ni jina la mtu!

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka wa 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Vita vya 1870 vikawafukuza hadi London. Baadaye alisomea uhandisi Munich kwa Profesa Linde, bingwa wa mitambo ya baridi, kisha akaajiriwa katika kiwanda chake cha barafu huko Paris.

Diesel alijua kuwa injini ya mvuke hupoteza joto jingi bure. Akawaza: hewa ikishindiliwa sana hupata moto, basi itawasha mafuta bila cheche. Mwaka wa 1893 mlipuko ulitokea kwenye injini ya majaribio, lakini hakufa moyo. Mwaka wa 1897 akafaulu.

Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alitoweka melini akienda Uingereza, madeni yamemjaa. Leo injini yake huzungusha kompresa za friji hata mashuani.

Atafutaye hachoki, akichoka keshapata. Diesel alipata, maziwa yetu ndiyo yaliyopona.